Baba Mmoja, Mama Mmoja

Foleni ya maji katika Lokesheni ya Wasomi ilianzia bombani, ikapita vyooni, ikakata kona kwa muuza makaa na kuishia barabarani, na ukiitazama tu ungeujua mtaa mzima bila kumuuliza mtu. Vijana watupu. Wanaume wa miaka ishirini na kidogo, kila mmoja na debe lake mkononi na daftari kwapani, wametoka Kimilili, Siaya, Kisii na Kericho kuja Nakuru kusomea ualimu katika chuo kilichokuwa na wanafunzi wengi na mabweni machache. Mzee humpati pale. Mtoto humpati. Mwaka ule wa hamsini na sita ungeweza kukaa mtaa huo wiki nzima usisikie kichanga kikilia wala bibi kizee akikohoa. Na wanawake ndio usiseme, walikuwa wachache kama nyama kwenye mchuzi wa chuo.

Ndiyo maana Jumamosi ile, Truphosa alipotokea na debe lake kichwani, amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe na kitambaa cha maua kimefungwa nyuma ya kisogo, foleni ilijifungua yenyewe. Alikuwa msichana wa Subukia, yatima aliyelelewa na shangazi yake kwenye shamba la kahawa la mzungu, na sasa alishona vifungo na mapindo katika duka la nguo la Lalit, akilala kwenye stoo nyuma ya duka. Maji ya dukani yalikuwa yamekatika. Vijana wakamwambia, pita, mama, pita mbele, na yeye akapita kwa maringo kidogo, maana nani hapendi kupishwa? Akafika mpaka bombani. Hapo akamkuta mmoja ambaye hakusogea.

"Na wewe?" Truphosa akamuuliza.

"Mimi nimekuja hapa kabla jua halijatoka. Wewe umeamka saa ngapi?"

"Hayo ya kuamka yanakuhusu nini?"

"Yananihusu, kwa sababu debe langu bado halijajaa."

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama, lakini miguuni amevaa viatu vya mpira vilivyokatwa kwenye gurudumu la lori. Jina lake Khaemba. Alijaza debe lake polepole, makusudi kabisa, na lilipojaa akaliweka kando, akachukua la Truphosa akalijaza pia, akajitwisha begani.

"Unapeleka wapi debe langu?"

"Unakokwenda wewe."

"Na lako?"

"Odero ataliangalia."

"Odero nani?"

"Odero ni mimi," ikajibu sauti kutoka kwenye foleni, "na hakuna mtu aliyeniuliza kama nimekubali."

Watu wakacheka. Truphosa alijikaza asicheke, akashindwa, na mimi nakuambia mambo mengi katika dunia hii yameanza kwa kushindwa kuzuia kicheko.

Baada ya hapo suruali ya Khaemba ikawa inapasuka kila wiki. Leo pindo, kesho mfuko, keshokutwa kifungo. Shakuntala, mke wa Lalit, mama mwenye bangili nyingi na macho yasiyopitwa na kitu, alimtazama kijana akiingia, akamtazama tena, mwisho akamwita Truphosa.

"Huyu mwanafunzi yako anakalia misumari?"

"Sijui, mama."

"Mwambie anunue suruali ingine. Hii imekuwa uzi tupu."

Khaemba naye alikuwa yatima. Mama yake alikufa akiwa kibarua kwenye shamba la misheni, akilima ili mtoto asome, na baba hakumkumbuka hata sura. Walipoambiana hayo, wameketi kwenye ngazi za nyuma za duka wakila karanga, Truphosa alimmiminia kiganjani nusu ya zake. Halafu Khaemba akasema, "Basi mimi ni watu wako, na wewe ni watu wangu."

"Wewe unapenda kusema maneno makubwa."

"Nikisema nimesema, Trufo."

Truphosa akaamini. Angeachaje kuamini? Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwita Trufo.

Mwezi wa sita shemeji zake Shakuntala wakaja kutoka Kisumu na watoto na masanduku, na stoo ikahitajika. Shakuntala alimwambia kwa huzuni ya kweli, lakini stoo ni stoo. Khaemba akasema, njoo kwangu. Truphosa akauliza, kama nani? Kijana akasema, kama wangu. Truphosa akahamia na sanduku lake la bati katika chumba kimoja alichopanga Khaemba, na katikati wakatundika pazia la kitambaa cha bluu alilopewa na Shakuntala. Pazia lile lilikuwa la wageni. Wageni wakiondoka lilisukumwa kando.

Sasa sikiliza jinsi walivyobanwa. Manispaa ilikuwa na amri yake: mwanamke asiyekuwa na mume wala ndugu ndani ya lokesheni aondoke mjini. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na watu walipakiwa kwenye malori kwa makosa madogo kuliko hilo. Chuo nacho kilikuwa na amri yake: mwanafunzi akioa, anafungasha. Ukiwa na msichana chumbani kwako, ukisema ni mke, chuo kinakufukuza. Ukisema si mtu wako, askari wanamchukua. Ndiyo sababu kila msichana aliyepata kulala katika Lokesheni ya Wasomi alikuwa dada ya mtu. Odero alikuwa na dada. Mkisii wa chumba cha pembeni alikuwa na dada. Mtaa wa wanaume na madada zao, wote rika moja, na kati yao wote hakuna aliyekuwa na mama.

Siku manispaa ilipotangaza kwamba itahesabu watu wa mtaa mlango kwa mlango, Khaemba alirudi jioni amechangamka, akala ugali wake, akanawa mikono, akasema, "Trufo, kesho sitakuita dada."

"Nani amekuambia uniite vingine?"

"Nimejiambia mwenyewe. Kesho nitasema mke wangu."

"Na chuo?"

"Chuo kinifukuze. Nimechoka kukuficha nyuma ya kitambaa."

"Khaemba, mimi sijakuomba jambo hilo."

"Ndiyo, hukuniomba. Ndiyo maana nataka kusema."

Na huo ulikuwa ukweli, hakuwa amemwomba. Angeitwa dada bila kinyongo, kama madada wengine wote. Lakini mtu akishakuahidi kitu ambacho hukukitaka, ukakigeuza geuza moyoni ukakipenda, kitu hicho kimekuwa chako. Asubuhi Truphosa alivaa lile gauni la kijani, akajipaka mafuta, akafunga kitambaa chake vizuri, akasimama mlangoni karibu na Khaemba kama wake za watu wanavyosimama.

Karani wa manispaa aliitwa Kiprugut, mtu mzima wa Kericho, mtaratibu, mwenye kofia ya kaki, na nyuma yake askari wawili. Alipita mlango hadi mlango akiuliza maneno yale yale: mko wangapi, na huyu ni nani wako?

"Dada yangu," akasema Odero.

"Dada yangu," akasema Mkisii.

Kiprugut akavua kofia, akajikuna kichwa. "Nyinyi wazazi wenu waligawana vipi? Kila nyumba mvulana mmoja, msichana mmoja?"

Mtaa mzima ukacheka, hata askari. Kisha akafika mlango wa Khaemba.

"Wangapi?"

"Wawili."

"Huyu ni nani wako?"

Khaemba akafungua mdomo. Kando ya bomba walikuwa wamesimama vijana wa Kimilili, watu wa nyumbani kabisa, na wote walikuwa wakitazama.

"Dada yangu," akasema Khaemba. Na kama kwamba hilo halikutosha, akaongeza bila kuulizwa: "Baba mmoja, mama mmoja."

Kiprugut akamtazama Truphosa, gauni, kola, kitambaa. Nadhani alijua. Akaenda mlango wa pili.

Truphosa hakupiga kelele. Aliingia ndani, akavuta pazia la bluu mpaka mwisho, na tangu siku hiyo pazia likawa pazia la kweli. Alipika, akapakua, akaweka chakula upande wa pili, hakusema neno. Khaemba alimwita Trufo, akamwita mpenzi, akamwita mama, akaimba hata nyimbo za kanisa, hakuna kitu. Mwishowe akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji upande wake wa pazia.

"Trufo, nisemeshe hata kwa matusi."

"Kaka," akajibu Truphosa, "inuka, utachafua suruali."

Wiki hiyo hiyo alitumwa stesheni kuchukua robota la nguo, na kwenye ofisi ya mizigo akamkuta karani mmoja anaitwa Peterson Wamalwa. Mtu wa makamo kidogo, mnene kidogo, koti la kahawia, kalamu mbili mfukoni, na sauti ya upole. Alimwandikia karatasi za mzigo taratibu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake simu ya dukani ikalia, Shakuntala akaipokea.

"Hallo. Nani? Stesheni? Lalit hayuko. Unataka nani? Bi Truphosa? Hapa hakuna Bi Truphosa, iko Truphosa tu." Akaziba simu kwa mkono, macho yakimcheka. "Kuja. Reli inakutaka."

Truphosa hakuwa amewahi kushika simu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Habari ya asubuhi," ikasema sauti ya upole. "Ni kuhusu mzigo wenu."

"Mzigo nilichukua jana, bwana karani."

"Najua. Nilikuandikia mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta tu sababu ya kupiga simu, nikakosa nyingine."

Truphosa akacheka. Kicheko cha kwanza tangu siku ya hesabu, na kilimuuma kutoka, maana aliyekileta si yule aliyemtaka.

"Bi Truphosa, mimi si mtu wa kuzunguka. Nikitaka kuongea na watu wako, niongee na nani?"

Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea. Angeweza kusema, bwana karani, nina mtu. Lakini moyo ulikuwa bado unachemka, na alitaka Khaemba asimamishwe mbele ya watu aulizwe tena lile swali, ajibu tena, safari hii vizuri. Akasema kwenye simu, kila neno likitoka na uchungu wake: "Niko na kaka yangu. Anaitwa Khaemba, yuko Lokesheni ya Wasomi. Baba mmoja, mama mmoja. Muulize yeye."

Shakuntala alisikia. Akasubiri simu irudishwe mahali pake, akasema polepole, "Wewe, mtoto, unawasha moto ndani ya nyumba yako mwenyewe." Truphosa akainamia cherehani.

Jumapili ya pili Khaemba alimngojea nje ya kanisa, amevaa koti la Odero linaloishia juu ya vifundo vya mikono, ameshika mandazi kwenye karatasi. Truphosa alimpita. Akamfuata. Wakatembea hivyo, mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka tuta la reli linapotazama ziwa, ndege heroe wa rangi ya waridi wamejaa mwambao mzima, upepo unaleta harufu ya magadi. Hapo akachoka, akaketi. Khaemba akaketi pia, mbali kidogo.

"Kula andazi moja tu, halafu unichukie."

"Yamepoa."

"Yamepoa kwa sababu umekataa kusimama."

Akala. Akala la pili. Kisha akasema, "Baba mmoja, mama mmoja ulitoa wapi, Khaemba? Dada ningemeza. Hayo mengine nani alikuuliza?"

Khaemba akatazama maji. "Niliogopa. Nilifungua mdomo niseme mke wangu, nikamwona mama yangu na jembe lake. Nikaona nimebakiza miezi michache tu, halafu nirudi Kimilili mikono mitupu. Na nilipokwisha kusema uongo, nikaogopa hautaaminika, nikauongezea. Sina la kujitetea. Nilikuwa mwoga."

Hilo neno, mwoga, ndilo lililomlegeza Truphosa. Mwanamume akijiita mwoga mwenyewe unapata kazi ya kumkatalia, na ukishaanza kumkatalia umeshasamehe.

"Si mwoga," akasema. "Mjinga tu."

"Nikimaliza mtihani, siku hiyo hiyo nasimama bombani nawaambia wote."

"Bomba lenu silitaki. Nataka mbele ya watu wa kwetu, watu wazima."

"Hata hao."

Ndipo akamweleza habari ya Peterson na simu, akitarajia Khaemba akasirike. Khaemba akacheka mpaka akashika tumbo.

"Karani wa mizigo? Na kalamu mbili? Wacha waje. Si unataka watu wazima? Wakija ndio vizuri. Nitawakaribisha chai, halafu nitawaambia, wazee, mmechelewa, huyu ni wangu."

"Sema tena."

"Huyu ni wangu."

"Tena."

"Huyu ni wangu, Trufo. Wangu, wangu, umetosheka?"

Alikuwa ametosheka. Walirudi mjini wameshikana mikono mpaka walipofika kwenye nyumba za watu, wakaachana mikono. Jioni hiyo pazia lilisukumwa kando, na kwa majuma yaliyofuata Truphosa alishona akiimba hata Shakuntala akamwambia apunguze sauti.

Wakaja, Jumamosi mchana, Peterson na wazee wawili. Mkubwa wao alikuwa Mzee Hiram, mjomba wake Peterson, mzee wa kanisa mwenye fimbo na miwani ya duara, ambaye watu wote wa Kimilili waliopo Nakuru walimpelekea mashauri yao. Odero aliazima viti vitatu. Truphosa alipika chai, akaingia nyuma ya pazia kama desturi inavyotaka, akaketi juu ya sanduku lake la bati na mikono mapajani. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa amevaa gauni la kijani.

"Mulembe, kijana," Mzee Hiram akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, mzee. Karibuni."

Wakanywa chai. Wakaulizana mvua. Mzee Hiram akasema, "Nasikia unamaliza masomo Novemba. Vizuri sana. Mkuu wa chuo chenu ni rafiki yangu, tunakaa benchi moja kanisani kila Jumapili. Nitamtajia jina lako."

Nyuma ya pazia Truphosa akasikia kikombe cha Khaemba kikigonga kisahani.

"Asante, mzee," akasema Khaemba.

"Wazazi tumeambiwa walitangulia. Poleni. Kwa hiyo ni wewe unayesimama badala ya baba. Vijana wa kwetu hapa wote wamenithibitishia walivyokusikia ukimwambia karani, baba mmoja, mama mmoja. Nyinyi ni wa ukoo gani?"

Sasa, Truphosa akasema moyoni. Sasa hivi.

Khaemba akautaja ukoo wake. Truphosa alisikia jina la ukoo ambao haukuwa wa baba yake, na hapo ndipo alipoelewa kwamba mlango ulikuwa unafungwa. Maana Khaemba angesemaje tena? Mbele ya mzee huyu, mtu aliyeapa kuwa ni ndugu wa tumbo moja na analala chumba kimoja na msichana, aseme sasa kwamba ni mpenzi wake? Ama ni mwongo, ama ni kitu kibaya kuliko mwongo, kitu ambacho kwa watu wa kwao hakitajwi hata kwa mzaha. Na mkuu wa chuo angejua kabla ya ibada ya kesho kwisha.

"Ukoo mzuri," akasema Mzee Hiram, ameridhika. "Hatuna mwiko nao. Basi, taja unachotaka, sisi tusikie."

Truphosa akamsikia Khaemba akiweka kikombe chini. Halafu sauti yake ikatoka imebadilika, sauti ya mtu aliyepata ujanja. "Wazee, dada yangu si wa bei ya shambani. Anajua cherehani, anajua Kihindi kidogo, amekaa mjini. Nataka ng'ombe ishirini. Madume hapana, majike, na wenye mimba. Na blanketi za shangazi, na baiskeli mpya."

Yule mzee wa pili akakohoa. Truphosa akauma kidole, nusu kicheko, nusu hasira. Alimwelewa kabisa: alikuwa anawafukuza kwa bei. Alikuwa anawatajia mahari ya binti wa chifu ili wainuke wenyewe, waseme huyu kijana ana wazimu, waende zao, na yeye asiwe amelazimika kusema neno lolote. Mjinga, akawaza, mjinga kabisa, sema tu neno lenyewe, ni dogo.

Mzee Hiram aliegemea fimbo. "Kijana, hiyo si mahari, ni vita. Peterson, tuinuke."

"Mzee," ikasema sauti ya upole, "tukubali."

"Unajua ulichosikia?"

"Nimesikia. Nimefanya kazi ya reli tangu ujana wangu, sijanunua baiskeli, sijanunua redio, ng'ombe wote wako kwa kaka yangu wanazaana tu. Wenzangu wakinicheka, nawaambia nangoja kitu. Ndicho hiki. Tukubali."

Huko nje mtu alikuwa anajaza debe bombani. Khaemba alikuwa ametaja bei na bei imekubaliwa, na sasa hakuwa na ujanja mwingine mfukoni.

"Mwite binti," akasema Mzee Hiram.

Pazia likasogea. Truphosa akatoka, akasimama katikati ya sakafu ile ya saruji, na wote wakamtazama ila mmoja. Peterson alikuwa anatoa jasho kwenye koti lake la kahawia, maskini, na macho yake yalikuwa yamejaa furaha na hofu. Hakuwa amemkosea Truphosa lolote.

"Binti, unamjua mtu huyu?"

"Namjua, mzee."

"Unamtaka? Sema mwenyewe, hapa hulazimishwi."

Truphosa alimgeukia Khaemba. Alingoja mpaka kijana akainua uso. Kama angesema neno wakati ule, angechukua sanduku lake la bati na kumfuata bila chuo, bila mji, bila shati la pasi, kwa miguu mpaka Kimilili. Alitaka ajue hivyo. Alimtazama kwa namna ambayo hata Mzee Hiram, asiyejua kitu, aliacha kutikisa fimbo.

"Kabla sijajibu nataka kumuuliza kaka yangu," akasema. "Mimi ni nani wako?"

Mzee wa pili akatabasamu, akidhani ni uchungu wa msichana anayeaga kwao. Khaemba aliangalia fimbo ya Mzee Hiram, akaangalia vitabu vyake vilivyopangwa juu ya kreti, akaangalia viatu vyake vya mpira.

"Wewe ni dada yangu," akasema.

"Mmesikia wenyewe," Truphosa akawaambia wazee. "Basi nimekubali."

Khaemba alikataa kushika hata kamba ya ng'ombe mmoja. Alisema wapelekwe Subukia kwa shangazi aliyemlea binti, na shangazi alipoletewa hakuuliza huyo kaka ametoka wapi. Desemba ndoa ikafungwa. Shakuntala alishona gauni mwenyewe, akalia akilishona, hakusema kwa nini. Na kwa kuwa baba hayupo, kaka ndiye anayemtoa bibi arusi, Khaemba alimshika Truphosa mkono kutoka lango la kanisa mpaka mlangoni, amevaa viatu vipya vya ngozi, mwalimu kamili sasa, mwenye cheti. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Trufo," akanong'ona, "nisamehe."

"Nyoosha tai yako. Watu wanatutazama."

Mwaka uliofuata manispaa ikaamua kuhesabu na upande wa reli. Kiprugut alifika kwenye nyumba za makarani wa stesheni wakati wa chakula cha mchana, na kofia yake ile ile ya kaki, akasimama mlangoni akataka radhi kwa kuwakatiza.

"Mko wangapi humu?"

"Wawili," akasema Peterson. "Karibu ugali."

"Asante, nimekula. Na huyu ni nani wako?"

"Mke wangu," akasema Peterson, na tonge mdomoni, bila hata kuinua kichwa, akanyoosha mkono kuchukua mboga.

Kiprugut akaandika. Kisha akamtazama Truphosa vizuri. "Mama, wewe si ulikuwa kule Wasomi?"

"Nilikuwa."

"Nilipita kule juzi. Kaka yako yuko chumba kile kile, anafundisha, lakini hajahama. Nimemkuta peke yake. Nikamuuliza, dada yako yuko wapi? Akaniambia ameolewa. Nikampa hongera."

"Ulifanya vizuri," akasema Truphosa.

"Shemeji yangu huyo, mtu mzuri sana," Peterson akasema. "Hakuchukua hata mbuzi. Ila sijui kwa nini haji kututembelea. Truphosa, kwa nini haji?"

"Ana kazi nyingi."

Alichukua bakuli la mboga ingawa halijaisha, akaenda jikoni, akafunga mlango. Aliweka bakuli juu ya meza, akaegemeza mikono yote miwili hapo, na akalia kimya kimya, kwa hasira, kwa sababu alikuwa amelisikia lile neno mwishoni na lilikuwa jepesi vile. Mtu analisema huku anatafuna. Halikuvunja kitu, halikumfukuzisha mtu, karani aliliandika akageuza ukurasa.

"Mke wangu," Peterson akaita kutoka mezani, "mboga imekwisha?"

"Ipo," akajibu, akijifuta uso kwa pindo la leso. "Naleta."